Hesabu ya Bingwa

Darasa la kuwanyanyua wanafunzi wa chuo kikuu waliopigwa chenga na hesabu lilikuwa na sheria moja: aliyeandika ubaoni ndiye anayefuta.

Kwa hiyo hesabu ya Bingwa ilikuwa bado pale, hata baada ya mazishi yake. Wenzake walimpachika jina hilo kwa utani, maana hakuna aliyekosea kama yeye, wala aliyerudi ubaoni kama yeye.

Mama yake alikuja kuchukua koti lililobaki kitini. Akalikumbatia, kisha akauona ubao.

"Huu si mwandiko wa mwanangu?"

"Ndio wake, mama," mwalimu akajibu.

Akausogelea. Akaifuatisha mistari kwa kidole, bila kuigusa chaki.

"Mimi haya siyajui, mwalimu. Alipata?"

Kwenye makosa, mwalimu huyu hakuwa na msalie mtume. Na alama ya kutoa ilikuwa imedondoka mstari wa pili, yote yaliyofuata yakaharibika.

"Alipata, mama."

"Sasa mbona hujamwekea alama ya vema?"

Mwalimu akachukua chaki. Ikamkatikia vidoleni. Akainama kuokota kipande.