Mkanda Mpya wa Skuta

Mwanamke ambaye Shomvi na mama yake hawakumjua aliingia uani kwao akisukuma skuta. Shomvi alikuwa ameshafunga rola mpya za mkanda kwenye skuta yake ya aina ile ile, na mkanda mpya wa kuzungusha gurudumu umo mkononi mwake.

"Kaka, mkanda wangu umekatika. Mimi mkunga, kuna mama ana uchungu ng'ambo ya mto."

Shomvi alimtazama mama yake, aliyekwisha kujitanda kanga. Shomvi alikuwa amemwahidi kumpeleka siku hiyo kwa dada wa mama huyo, aliyekuwa mgonjwa.

"Mfungie, mwanangu," mama alisema. "Nitakwenda siku nyingine."

Mkunga alipoondoka na mkanda ule, Shomvi alimpandisha mama kwenye skuta isiyo na mkanda, akaisukuma barabarani.

"Una wazimu? Ni mwendo wa saa nzima!"

"Shika usukani, mama."

Penye mwinuko, mama akapiga honi, watu wampishe mwanawe.