Madoadoa Hewani

Jebet, mtangazaji wa redio, alimtambua mpigaji simu kwa kikohozi, hata kabla hajasema anatoka Moi's Bridge. Alikuwa babake.

"Uchaguzi umekaribia," mzee alisema hewani, "na huku kwetu lazima tuondoe madoadoa."

Kidole cha Jebet kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata simu. Amri ya studio ilikuwa wazi: neno hilo likitajwa, kata. Eldoret nzima inajua madoadoa ni majirani wa makabila mengine, waliotoka kwingine.

Nyuma ya kioo, fundi wa mitambo, Mbukusu kutoka Bungoma, naye mmoja wa hao, aliinua macho. Krismasi iliyopita alikula kwa mzee huyo huyo, akaongezewa mursik, maziwa ya mgando, mpaka akashika tumbo.

Zamani Jebet alikuwa akilipigia makofi neno hilo mikutanoni. Halafu redio ikamtuma kumhoji mama aliyechomewa ghala kwa kuitwa doadoa. Mahindi yalinukia kama bisi, na tumbo la Jebet likanguruma kwa njaa mbele ya yule mama. Tangu siku hiyo makofi yalimwisha.

Sasa kidole kilikuwa bado juu ya kitufe. Akikata, mzee angelirudia neno lile sokoni, na watu wangelipigia makofi. Asipokata, kazi angeipoteza.

Alikiondoa kidole.

"Baba," alimwita, mji mzima ukisikia. "Babangu mzazi, hayo madoadoa ni akina nani? Nitajie mmoja tu, kwa jina."

Mzee alikohoa, kisha akakohoa tena.

Nyuma ya kioo fundi alisimama, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.