Namba Arobaini na Moja

"Fungua kabati, dada."

"Sifungui."

Daktari hakuamini masikio yake. Miaka kumi na mitatu walikuwa wamekula sahani moja, na Bi Kufuli hakuwahi kumkatalia kitu mbele ya watu. Leo alimkatalia mbele ya mkaguzi. Muuguzi huyo alisimama ameliegemea kabati, mkono umeshika ufunguo ulioning'inia shingoni mwake. Inasemekana hakuuvua hata akienda kuoga, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo.

Ndani ya kabati mlikuwa na daftari moja tu, lenye majina ya wagonjwa wote wa utafiti. Kwingine kote waliandikwa kwa namba. Sheria hiyo aliitunga Daktari mwenyewe, mwaka wa kwanza, baada ya karani mmoja kuropoka jina la mama mwenye virusi vya UKIMWI na yule mama kutupiwa virago nje na wakwe zake. Tangu hapo, anayegawa dawa na kutoa damu anajua sura. Anayesoma majibu anajua namba. Daktari ndiye aliyesoma majibu.

Mkaguzi aligonga faili kwa kalamu. "Namba arobaini na moja. Miaka kumi na moja hajaruka kidonge hata kimoja. Kila akipimwa, virusi havionekani. Na kila mara amekuja Jumamosi, siku ambayo kliniki imefungwa, wewe uko nyumbani kwako, na hapa yuko muuguzi peke yake." Akavua miwani. "Daktari, mtu wa namna hii hayupo duniani. Ametungwa."

"Yupo," alisema Bi Kufuli.

"Basi tumwone."

"Hataki kuonekana."

Wizara ilikuwa ikingoja sahihi ya mkaguzi huyu tu, ili wagonjwa nchi nzima wapewe dawa za miezi sita kwa mkupuo, waachane na foleni za kila mwezi na macho ya majirani. Ujana wake wote Daktari alikuwa ameumalizia humo. Faili moja likionekana la uongo, mengine elfu mbili yangetupwa pamoja nalo.

Alimvuta muuguzi hadi koridoni.

"Umenitungia mgonjwa?"

"Mdogo wangu, niamini."

"Usiniite mdogo wako! Nilikuamini mpaka nikakupa ufunguo. Kumbe unanichekea huku unanichimba!"

Machozi yalimlengalenga Bi Kufuli. "Ulisema hata wewe ukiniomba, nikatae," alijibu polepole. "Nimekataa."

Jibu lilikuwa sahihi, na ndilo lililomuudhi Daktari kuliko yote. Akampa mpaka kesho saa nne asubuhi: ama amlete mtu huyo na kadi yake ya kliniki, ama aandikiwe barua ya kufukuzwa kazi, na polisi waitwe.

Jioni alimkuta mumewe akipiga pasi mashati yake ya ualimu ya wiki nzima, kola kwanza, kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa utaratibu huyo. Hata soksi alizipanga kwa rangi, na wanawe walimtania kwamba atazikwa na ratiba yake. Daktari alimmwagia yote, viatu vikiwa bado mguuni.

"Miaka kumi na mitatu, baba watoto! Kanigeuka mchana kweupe. Na mimi nilimhesabu dada yangu wa tumbo moja."

"Pengine huyo mtu yupo kweli. Anaogopa tu."

"Anaogopa nini? Miaka yote hii nani alimlinda kama si sisi?"

Mumewe alirudia kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Na Bi Kufuli atafanywa nini?"

"Atafungwa. Na shahidi nitakuwa mimi."

Mwalimu alichomoa pasi, shati likiwa limefika nusu. Akasema kichwa kinamgonga, akaingia chumbani bila kula. Daktari alibaki na kinyongo kidogo. Yaani siku mbaya kama ile, hata mume hana la kumliwaza!

Kesho yake, saa nne kasorobo, watu watatu walikaa kwenye chumba cha mikutano. Barua ilikuwa mezani, imekwisha kuchapwa, inangoja sahihi. Bi Kufuli alikaa wima, mikono mapajani, haangalii mtu. Daktari alishika kalamu. Hasira ilikuwa imemtoka. Kilichobaki ni uchungu wa kusalitiwa na mtu uliyempenda. Aliwaza kwamba angesamehe jambo lolote, lakini si kudanganywa miaka yote hiyo na mtu aliyekuwa akimtazama usoni kila siku.

Mlango ukabishwa. Mumewe akachungulia, saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Daktari alimpungia mkono amsubiri nje. Wanaume nao, wakiamua kuja kumbembeleza mtu, wanachagua saa gani!

Mumewe hakusubiri. Aliingia, akavuta kiti kilichokuwa mbele ya mkaguzi, akakaa. Mkaguzi, ambaye hakuwahi kumwona, alimtupia jicho.

"Nikusaidie nini, bwana?"

Mwalimu alitoa kadi iliyochakaa mfukoni na kuiweka mezani. "Mimi ndiye arobaini na moja."

Bi Kufuli akafumba macho.

Mkaguzi alilinganisha kadi na faili, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akavuta fomu yake na kuanza kuijaza.

"Hongera sana, mzee. Una mke?"

"Ninaye."

"Anajua hali yako?"

"Ndiyo kwanza amejua."