Sheria za Nyumba ya Madam Yvonne

Kaveke alisimama kando ya barabara sokoni Kikima, akingoja taa igeuke kijani. Kikima haina taa ya barabarani hata moja. Alihesabu hadi thelathini, akavuka, akarudi, akasimama tena.

"Mama Kalekye, kwani umepotea?" vijana wa bodaboda wakamcheka.

"Niko mazoezi. Ujerumani ukivuka na taa ni nyekundu, hata kama hakuna gari, watu wanakuangalia kama mwizi."

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na Jumamosi angepanda ndege kwenda kuwa yaya. Visa ilikuwa imetoka. Sheria za huko alikuwa ameziandika kwenye daftari, moja moja, jinsi Madam Yvonne alivyomsomea kwa simu. Takataka zinatenganishwa katika mapipa manne. Jumapili hakuna kelele, hata kutwanga. Kwa jirani huendi bila kupiga simu kwanza. Saa nne ni saa nne, si saa tano kasorobo. Akikosea hata moja, madam alisema, atarudishwa kwao Mbooni na ndege ya kwanza, na hataitwa tena.

Jioni jirani yake Nthiwa alikuja kumsaidia kufunga begi. Mdomo wa Nthiwa haukujua kufungwa, na siku hiyo ulikuwa na hasira pia.

"Mbona mahindi ya muthokoi umeyatoa?"

"Madam hataki kuyaona nyumbani kwake."

Nthiwa akachukua daftari, akasoma kwa sauti. "'Usimtemee mtoto mate.' Ngai! Huyu mzungu amejuaje mambo yetu?"

Huko Mbooni mtoto mchanga akipelekwa kwa nyanya yake, nyanya humtemea mate kidogo kifuani. Ndiyo baraka yenyewe. Kaveke alikuwa amewabariki hivyo watoto wa nusu ya kijiji.

"Ameishi Kenya," akasema, akikunja leso ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Wacha nikuambie ukweli, hata ukikasirika. Kalekye wako yuko hukohuko Ujerumani. Miaka tisa, hata salamu hakuna! Na wewe, umri huu, unaenda kuosha nepi za wenyewe. Si ungeenda kumtafuta mtoto wako?"

"Nikifika nitamwona."

Nthiwa akamtazama kwa huruma. Ujerumani si Kikima, useme utamkuta mtu sokoni akinunua nyanya. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi akishaamua kujidanganya, jirani atafanya nini? Akatoka kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye kunde.

Simu ikalia. Kaveke akaketi wima, akavuta kitambaa chake cha kichwa kikae sawa, kana kwamba anaonekana.

"Rudia zote," Madam Yvonne akasema. Hakuna salamu.

Kaveke akarudia. Mapipa, Jumapili, jirani, saa. Alipofika kwenye ile ya mate, aliisema haraka. Ilimuuma kuliko nyingine zote. Akaendelea.

"Kikamba?"

"Hapana. Hata mtoto akiwa amelala."

"Nyimbo?"

"Hapana, madam."

"Na jina lako?"

"Kaveke. Si mama ya mtu yeyote."

"Sawa. Imebaki moja. Andika."

Akailowesha kalamu kwa ulimi, zoea la zamani, akaandika namba kumi na mbili.  Upande wa pili, kwa mbali, mtoto mchanga alikuwa akilia, na Kaveke akabana simu kwenye sikio ili amsikie vizuri.

"Nitakuja uwanja wa ndege na mume wangu," Madam Yvonne akasema hatimaye. "Usinikumbatie. Usilie. Yeye anajua mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu."

Kaveke akaandika yote, neno kwa neno.

"Sawa, Kalekye," akasema, halafu akajirekebisha haraka kabla simu haijakatwa. "Sawa, madam."