Upande wa Ukutani

Msumeno wa umeme uliruka ukarudi nyuma, ukapita upana wa kiganja tu kutoka pajani mwake.

Fundi aliachia swichi. Alisubiri meno yasimame kabisa, akachomoa waya, ndipo akamgeukia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Umeinua."

"Nimekusaidia." Bado alikuwa ameishika ile ncha ya ubao iliyoning'inia nje ya meza. "Kitanda cha kaka, kipande chake kidondoke sakafuni kama takataka?"

Marehemu alikichonga mwenyewe kabla ya harusi. Sasa fundi alikuwa anakipunguza kiwe cha mtu mmoja. Kwenye ubao wa kichwani, upande wa ukutani alikokuwa akilala mumewe, mafuta ya nywele yalikuwa yameacha doa jeusi. Mstari wa penseli wa kukatia ulipita kando yake, ukiliacha doa upande wa kubaki.

"Ukiinua huko, ubao unabana msumeno, nao unanirukia mimi. Kasimame mlangoni, shemeji. Watoto wamebaki na mzazi mmoja."

Shemeji alilitazama doa. Akaachia, akaenda mlangoni, akakunja mikono kifuani.

Fundi alivaa miwani, akachomeka waya. Alisimama kando ya mstari, akashika msumeno kwa mikono miwili, akaanza kukata upya, bila haraka. Ilipobaki inchi moja, ubao ukaanza kuinama wenyewe.

Mikono ya shemeji ikakunjuka. Alipiga hatua moja, akasimama.

Ubao ukaanguka.