Kupaua Nyumba ya Dada

Jabiri alikuwa akijitapa kwamba nyumba ikipita mikononi mwake haipati ufa. Ya dada yake Faudhia, pale Kabuku, aliinyanyua peke yake bila saidia fundi, kuanzia kozi ya kwanza hadi lenta, na leo alikuwa anapaua. Mgongo ulimuuma. Macho yalimwasha. Alishamaliza upande mmoja wa paa na ndiyo kwanza anaanza wa pili, umeme wa Korogwe ukakatika, na nyumba nzima ikatoweka.

"Sikuseva," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu hata za kukasirika.

Umeme uliporudi, studio yake ya picha ikaanza kuvuma upya: kompyuta, printa, feni, na yeye juu ya kiti chake cha kuzunguka. Hayo ndiyo yalikuwa mabati. Faudhia alituma hela ya bati kutoka Omani, mdogo mtu akaona heri aanze na studio, studio ilipe, kisha ajenge. Studio haikulipa. Basi kila Faudhia alipouliza ujenzi umefika wapi, Jabiri alijenga kidogo kwenye kompyuta, akamtumia picha. Fundi wa kweli angekuwa ameshamaliza na kupumzika.

Safari hii ujumbe wa dada ulikuwa mzito.

"Mdogo wangu, chumba cha mama huko Kwashemshi kimeanguka kwa mvua. Analala jikoni kwa jirani. Nikiliona bati tu, namhamishia Kabuku. Nipigie picha ya nyumba kutokea barabarani. Na swichi za taa waweke chini, nisije nikapanda stuli kwangu mwenyewe."

Kutokea barabarani maana yake picha mpya ya kiwanja, na Jabiri hakuwa na hamu ya kwenda kukitazama kile kiwanja. Akamwomba Lengai, anayechunga ng'ombe wake jirani na pale.

"Nitakutumia, rafiki," alijibu Lengai, na asubuhi hii picha ikaingia: msingi, majani yaliyoupita urefu, na nguzo za uzio.

Akaanza tena. Alivuta mistari juu ya kingo mbili za msingi mpaka ikakutana kule mbali, akatandaza juu ya picha ule wavu wa miraba inayopungua ukubwa kadiri inavyokwenda nyuma, halafu akabandika kuta na paa kwa kuufuata. Ukikosea hapo, nyumba inaonekana kama inateleza kuingia mtaroni.

Kitu kimoja kilimsumbua. Pale mistari inapokutana ndipo ulipo usawa ambao simu ilishikiwa, na hapo mistari haina upendeleo. Sasa ilikutana chini ya vichwa vya nguzo, na nguzo zile zinamfika Lengai kifuani. Lengai mwenyewe, ukitaka kumsalimia, unaangalia juu kama unatafuta mwezi wa Ramadhani.

"Alichuchumaa," Jabiri aliamua, akapiga miayo. "Naye ana mapozi."

Alipomaliza, uchovu ulimtoka kidogo. Bati jekundu, madirisha yamenyooka, kivuli kimelala panapostahili. Hata yeye angehamia. Akaufuta wavu, akaituma picha kwa dada. Tiki mbili zikawa bluu papo hapo.

Simu ikaita. Alikuwa Lengai.

"Ahsante sana, kaka," Jabiri alisema. "Ila siku nyingine piga umesimama. Umenitesa."

"Mimi sijapiga," alisema Lengai, polepole kama kawaida yake. "Simu yangu aliichukua dada yako, akapiga yeye. Yuko hapa na mama yenu, wamekalia mabegi tangu asubuhi. Alisema tukungoje umalize kupaua."

Sauti ya mwanamke mzee ilisikika kwa nyuma. Lengai akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye simu.

"Mama ameiona nyumba. Anauliza aingilie mlango upi."