Karata ya Mnara

Siku hizi kila mtoto akifika miaka minane, mashine ya mtaa humchagulia karata ya tarot, ya kubashiria maisha yake. Binti yangu Zamda katokewa na Mnara. Sheria inasema mtoto wa Mnara huangusha nyumba ya wazazi, kwa hiyo ahamie bwenini mwaka mzima.

Nikamwendea Mwanakombo, mwenyekiti wa chama chetu cha watafiti wa tarot, hasira zimenipanda kichwani.

"Maana za karata, watunga sheria wamezitoa kwenye daftari letu!"

"Shoga, Mnara umeangusha nyumba arubaini. Imeandikwa."

"Na mara ngapi haukuangusha kitu?"

Mara hizo hatukuziandika. Ubashiri ukikosea tulikuwa tunacheka, tunachanganya karata upya, tunakunywa chai. Miaka kumi na tisa, eti utafiti!

"Basi kawaambie ukweli!" nilifoka.

"Kawaambie wewe. Mwenye kalamu alikuwa nani kama si wewe?"

Nilirudi nyumbani. Zamda alikuwa ameshakunja godoro lake, amekaa juu yake mlangoni.

"Mama, kweli nitaangusha nyumba?"

Upuuzi mtupu, nilitaka kumwambia. Lakini kabla sijafungua mdomo, nilikuwa nimeshatazama dari, na yeye ameniona.